Kuona hedhi kila mwezi hakumaanishi mayai yako ni mazima

Jeni za yai ndo nini?
Ni maelekezo ya urithi yaliyobebwa kwenye kromosomu, yaani vile vinyuzi vidogo vilivyo ndani ya seli. Yai linatakiwa liwe na kromosomu 23, mbegu ya mwanaume inaleta 23, jumla 46. Basi.

Kwa hiyo baba na mama wanachangia sawa?
Kwenye urithi ndio, ila siku za mwanzo kazi kubwa inafanywa na yai. Kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kinagawanyika kuwa seli mbili, nne, kwa kutumia maagizo na protini ambazo yai liliandaa mapema, jeni zake chenyewe zinaanza kazi kwa nguvu karibu siku ya 3. Yai lisipojiandaa vizuri kiinitete kinasimama hapohapo na wewe unaona hedhi tu, hujui hata kama mimba ilitunga.

Lakini hedhi yangu haijawahi kuruka, si nina muda?
Hapana. Hili ndo jibu nalolirudia kuliko yote: hapana. Hedhi inakuambia homoni zinafanya kazi, haikuambii yai lina kromosomu ngapi. Mayai ulizaliwa nayo, yanazeeka na wewe, na kadri miaka inavyoenda, hasa ukivuka 35, protini zinazoshika kromosomu pamoja zinalegea, yai linatoka na kromosomu pungufu au ya ziada, mimba haishiki au inashika inaharibika. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema tatizo ni idadi ya kromosomu, sio kwamba uliinua ndoo au umerogwa.

Kipimo cha AMH, ile homoni ya mayai inayopimwa kwenye damu, kikiwa kizuri?
Kinakadiria wingi wa mayai, sio uzima wake.

Na dawa za kusafisha kizazi?
Jamani, acheni. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kuweka ukeni inayorekebisha kromosomu za yai, mnachopata ni maambukizi na miaka inayopotea, halafu mtu anakuja ana 41 anasema "nilikuwa najisafisha kwanza, hedhi si ilikuwa inakuja". Hedhi kuja sio kipimo!

Niende hospitali lini sasa?
Chini ya 35, mkijaribu mwaka mzima bila mimba. Ukiwa na 35 na kuendelea, miezi 6. Ukifika 40 usisubiri hata kidogo. Mimba mbili zikiharibika nenda, hata kama hedhi iko kama saa. Na mwende wote wawili, mbegu zake zipimwe siku hiyohiyo.