Je, wajua kwa nini kompyuta ya gemu yenye prosesa ya bei mbaya inaweza kupitwa na ya mwenzako yenye prosesa ya kawaida?

Kompyuta yangu ya kwanza ya kujiundia niliiharibu kwenye karatasi ya hesabu kabla hata sijashika bisibisi. Nilijiambia prosesa ndio ubongo, na ubongo si ndio kila kitu, basi zaidi ya nusu ya hela nikaimwaga kwenye prosesa na mazabodi (ule ubao mkubwa unaochomekewa vipande vyote) yenye mataa, kilichobaki ndio nikaokotea kadi ya grafiksi ndogondogo hivi. Gemu inafunguka vizuri, menyu safi, ukiingia ndani sasa mtu anakimbia kwa kudunda kama katuni iliyochorwa na mtoto. Jamaa yangu ana prosesa ya viini 4 (kiini ni kama fundi mmoja ndani ya prosesa) ya zamani, mazabodi yenyewe ya kijivu inatia hadi huruma, gemu ileile kwake inateleza tu.

Iliniuma, ila ndio nikaanza kuuliza maswali ambayo nilitakiwa kuuliza kabla ya kulipa.

Iko hivi. Gemu sio video. Video picha zake zilishatengenezwa zamani, kompyuta kazi yake ni kuzitoa tu. Gemu kila picha inatengenezwa palepale, kwa sababu hakuna anayejua sekunde ijayo utageuka kushoto au utaruka dirishani. Ukitaka fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde kama 16.7 za kutengeneza picha moja nzima. Ukitaka 144 hazifiki hata 7. Ndani ya huo muda prosesa inaanza: adui yuko wapi, risasi imempata nani, mlango umefunguliwa au bado, halafu inaandika orodha ya vitu vya kuchora na kuikabidhi kadi ya grafiksi. Kadi ndio inageuza ile orodha kuwa rangi kwenye skrini.

Hapa ndio penye siri. Hawa wawili hawafanyi kazi kwa zamu ya mmoja alale mwingine aamke. Kadi ikiwa inachora picha hii, prosesa tayari inaandaa inayofuata, yaani kama site ya ujenzi, mmoja anachanganya udongo mwingine anapiga plasta, na ukuta unapanda kwa mwendo wa yule mzito. Sasa mimi nilichofanya ni kumleta mchanganya udongo bingwa halafu mpiga plasta nikampa kijiko. Prosesa yangu ilikuwa inamaliza mapema inakaa inasubiri, na nilikuwa nimelipa hela nyingi ili ikae isubiri.

Kwa nini mara nyingi anayechelewesha ni kadi? Piga hesabu ya nukta. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani nukta, 2,073,600. Mara 60 kila sekunde, hizo ni zaidi ya milioni 124 na hapo tumehesabu kila nukta mara moja tu, wakati kuna kivuli, kuna mwanga, kuna maji yanayoakisi jengo, nukta moja inaweza kupigiwa hesabu mara kadhaa. Ndio maana kadi imejazwa vibarua wengi wenye akili ndogo badala ya mafundi wachache wenye akili nyingi. Prosesa ya Core i5-12400F ina viini 6. Kadi ya RTX 3060 ina 3,584. Sio viini vya aina moja kwa hiyo usiwalinganishe mmoja kwa mmoja, ila unapata picha ya nani amebebeshwa mzigo.

Na mzigo wenyewe unapangwa na skrini, kitu ambacho wengi tunakinunua mwisho kabisa kwa chenji iliyobaki. Ukitoka 1080 ukaenda 2560 kwa 1440 nukta zinakuwa 3,686,400. Ukienda 4K zinakuwa 8,294,400, yaani mara 4 kamili ya zile za mwanzo. Prosesa haioni tofauti kubwa, maadui ni walewale na milango ni ileile. Anayekufa ni kadi. Kwa hiyo mtu akiniuliza "nianze na prosesa gani" namrudishia swali, unachezea skrini gani na gemu gani, maana bila hayo tunabahatisha. Kwa bajeti ya kubana mimi nasema baki 1080, chukua prosesa ya viini 6 ya kawaida kama hiyo i5 au Ryzen 5 5600, halafu fungu kubwa kuliko yote lipeleke kwenye kadi.

Ila kuna watu huu ushauri utawaponza. Kama wewe ni wa Valorant au Counter-Strike 2, unashusha setingi zote chini unatafuta fremu 200 na kuendelea, hapo kadi inamaliza uchoraji haraka na prosesa ndio inageuka kuwa mzito. Hivyohivyo kwa zile gemu za kujenga miji na kuongoza majeshi, kila kajamaa kale kadogo kana akili yake na anayewafikiria wote ni prosesa. Njia ya kujua bila kubishana ni rahisi mno: fungua gemu, angalia fremu ngapi, halafu shusha resolusheni (idadi ya nukta za picha) uangalie tena. Zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inazuia. Zikibaki palepale, prosesa. Kafanye hiki kipimo kwenye kompyuta ya mshkaji wako kabla hujanunua chochote, mimi nilikuja kukifanya kwangu nikiwa nimeshachelewa, fremu zilipanda karibu mara mbili nikakaa kimya.

Kwenye kadi usiangalie jina tu, angalia na memori yake. RX 6500 XT ilitoka 2022, ina GB 4, na inaongea na mazabodi kupitia njia 4 tu. Kwenye mazabodi ya zamani yenye PCIe 3.0 (toleo la zamani la hizo njia, lenye kasi ndogo) ndio balaa, zile GB 4 zikijaa inabidi iazime RAM, memori ya kazi ya kompyuta, kupitia hicho kinjia chembamba, gemu inaanza kukwamakwama. RX 6600 ilitoka mwaka mmoja nyuma yake, 2021, ina GB 8 na njia 8, na inaiacha mbali. Mpya kwa kutoka haina maana kali zaidi.

Na kama hela ya kadi haijapatikana bado, kuna prosesa zenye grafiksi ndani yake, mfano Ryzen 5 5600G, unaanza kucheza gemu nyepesi huku unadunduliza. Hapo soma herufi kwa makini. Hiyo i5-12400F, ile F mwishoni inamaanisha haina grafiksi ndani, na Ryzen 5 5600 isiyo na G nayo haina. Ukiiwasha bila kadi unapata skrini nyeusi na unaanza kulaumu muuzaji bure.

RAM: chukua mbili za GB 8, sio moja ya 16. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 (DDR4 ni kizazi cha RAM, 3200 ni mwendo wake) kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili kwenye njia mbili vinapitisha 51.2, na mwenye grafiksi ya ndani ataliona hili kuliko wote maana yeye hana memori nyingine, anakula hiyohiyo. Vichomeke kwenye nafasi ambazo kitabu cha mazabodi kimesema, mara nyingi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, halafu ingia BIOS (setingi za mazabodi kabla Windows haijafunguka) uwashe XMP, inayoiruhusu RAM kutembea kwa mwendo ulioandikwa, la sivyo RAM yako ya 3200 itakuwa inatembea kwa mwendo wa chini na hakuna atakayekuambia.

SSD, ile diski ya kasi ya kuhifadhia gemu, haiongezi fremu, inapunguza kusubiri. Ya aina ya SATA inasoma kama MB 550 kwa sekunde, ya aina ya NVMe inafika elfu kadhaa, lakini kwenye kufungua gemu nyingi utofauti ni wa sekunde chache. Mimi ningechukua nafasi kubwa kuliko kasi kubwa, gemu za siku hizi moja inapita GB 100 bila aibu. Mazabodi nayo haiongezi fremu, ilimradi soketi ifanane na prosesa na RAM ifanane na mazabodi. Soketi ya AMD ya AM5 inakubali DDR5 peke yake, AM4 ni DDR4, na mazabodi za Intel za soketi ya LGA1700 zipo za aina zote mbili, soma boksi. Kasha kazi yake ni kupitisha hewa. Mataa ni mataa.

Kuna kitu kimoja hakiongezi hata fremu moja ila ukikibania kinakuchomea vingine vyote, pawa saplai, ile inayogawa umeme kwa vipande vyote. RX 6600 inakula wati 132, hiyo i5 ikikazana inafika 117, ongeza feni na diski, hata 300 hufiki vizuri. Ya wati 500 ya kampuni inayoeleweka inatosha na inabaki, kuliko ya 800 imeandikwa tu kwenye stika na ukiibeba ni nyepesi kama boksi tupu. Ile alama ya 80 Plus inazungumzia umeme kiasi gani haupotei, haikuhakikishii usalama. Na zile zenye waya za kuchomoa, usichanganye waya za saplai nyingine hata kama zinaingia, upande wa saplai kila mtengenezaji anapanga pini zake anavyojua. Nimeshaua diski hivyo.

Siku ya kuwasha sasa, umeshafunga kila kitu, gemu inakokota hadi unataka kulia, kabla hujafungua tena skrubu angalia nyuma waya wa skrini umeuchomeka wapi. Ukiwa kwenye mazabodi, kadi yako imekaa ndani haina kazi, uhamishie kwenye kadi yenyewe chini kule. Halafu ingia kwenye setingi za skrini uangalie Hz (skrini inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde), maana Windows ina tabia ya kuiacha skrini ya 144 ikiwa kwenye 60. Mimi nilikaa miezi mitatu hivyo nikiwaambia watu naiona tofauti.