Toksemia si sumu: mnavyosoma vibaya vyeti vya vifo vya zamani

Jamani nimechoka na hii stori ya sumu. Familia inakuja na cheti cha kifo cha shosho cha miaka ya 50 au 60, kimepigwa taipu, wananionyesha kwa kidole pale pameandikwa toksemia halafu wananiambia kwa sauti ya chini, si unaona, hata daktari alijua aliwekewa sumu. Na hiyo sumu haikosi mwenyewe: mke mwenza, ama mama mkwe, ama shangazi fulani ambaye watoto wake mpaka leo hawakaribishwi matanga. Watu wamekosana mpaka kwa mipaka ya shamba juu ya neno ambalo hakuna aliyeuliza lilikuwa na maana gani kwa yule aliyeliandika.

Toksemia ya mimba ndo ile ile leo ukienda kliniki ya wajawazito unaambiwa ni priklampsia, na ikifika kwa degedege tunaiita kifafa cha mimba. Presha inapanda mimba ikishapita wiki 20, protini inaanza kutoka kwa mkojo, uso na mikono inavimba, kichwa kinauma vibaya sana, macho yanaona ukungu, halafu mama anaanguka anatetemeka, na akikosa kusaidiwa haraka anaweza kuvuja damu kwa ubongo au figo na maini yakakataa. Madaktari wa kitambo waliona haya yote wakadhani mwili wa mjamzito wenyewe unatengeneza kitu kibaya kinachoingia kwa damu, ndo wakaipa hilo jina, yaani sumu kwenye damu. Hicho kitu kilitafutwa miaka na miaka hakikupatikana, lakini jina lilikuwa limeshazoeleka hospitali likaendelea kuandikwa. Hakuna mtu aliyetajwa hapo. Hakuna chai, hakuna uji, hakuna mke mwenza.

Sasa kabla hujamshuku mtu, angalia umri wa marehemu, halafu uliza wazee mtoto wake wa mwisho alizaliwa lini. Kama alikuwa msichana wa miaka 19 na alikufa wiki ile ile ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, jibu unalo, maana huu ugonjwa hupiga sana mimba ya kwanza. Na kingine watu hawafikirii, daktari akishuku sumu hasaini cheti tu akaendelea na kazi yake, polisi wanaitwa, mwili unapasuliwa, mambo yanapelekwa kwa hakimu kwa inkwesti, yaani uchunguzi wa kilichomuua, na hiyo yote inaacha makaratasi yake. Mkiniletea toksemia peke yake bila hayo mengine, msinitajie sumu.

Kama ni mwanaume ama mtoto mdogo, soma mstari unaofuata kwenye cheti. Mara nyingi utakuta nimonia, taifodi, kidonda ama apendiksi iliyopasuka, yaani maambukizi yalisambaa mwilini, na kabla penisilini ianze kupatikana kwa raia wa kawaida baada ya vita ya pili kuisha 1945, kitu kama hicho kilikuwa kinaondoa mtu mwenye nguvu zake kwa siku chache.

Kinachoniuma ni hiki: presha ya mimba hutembea kwa familia. Kama mama yako ama dada yako aliipata, hatari yako iko juu kuliko ya mwanamke ambaye kwao haijawahi kuonekana. Kwa hivyo kile cheti kilikuwa na habari ambayo wajukuu wa kike walifaa kuambiwa zamani, waende kliniki mapema, wamwambie nesi, wapimwe presha kila wakienda, na badala yake walichorithi ni jina la mtu wa kuchukia. Kama unacho cha aina hiyo nyumbani, mpigie dada yako mwenye mimba leo, wakili baadaye.

Maneno mengine ya vyeti hivyo yanayosomwa vibaya nitayapitia haraka.

Konsampsheni haimaanishi babu alikuwa mlevi, ni TB. Robert Koch alitangaza kile kijidudu chake 1882 lakini jina la zamani liliendelea kuandikwa muda mrefu sana.

Ile homa ya maji meusi nayo haitokani na kunywa maji machafu. Ni malaria kali, chembe nyekundu za damu zinapasuka kwa wingi na mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, na ilihusishwa sana na kumeza kwinini leo ukaacha kesho. Iliua hasa watu waliotoka sehemu zisizo na malaria.

Herufi G.P.I. (General Paralysis of the Insane), ambazo watu husoma kama wazimu wa ukoo. Si ya ukoo. Ni kaswende iliyokaa miaka mingi bila dawa mpaka ikaingia ubongoni, na kijidudu chake kilipatikana ndani ya ubongo wa wagonjwa 1913. Hospitali ya Mathari, ile ya wagonjwa wa akili Nairobi, ilifunguliwa 1910, hebu fikiria wangapi walifungiwa sehemu kama hizo kabla tiba ijulikane. Msikatae kuozesha binti kwa boma fulani kwa sababu ya herufi tatu.

Moyo kushindwa, ikiwa imeandikwa peke yake, haithibitishi kwamba nyinyi ni watu wa ugonjwa wa moyo. Kila anayekufa moyo husimama, na kitambo wengi waliandika hivyo wakaacha kilichousimamisha.

Na muhuri wa serikali hauthibitishi ugonjwa. Mtu akifia nyumbani kijijini, habari hupitia kwa naibu chifu, anajaza ile fomu ya D2 ya vifo vya nyumbani kwa kusikiliza jamaa, kwa hivyo ukiona malaria ama uzee hapo, ni vile familia ilisema.

Mwisho, kukosa cheti kabisa. Hakuna aliyekificha. Usajili wa lazima wa vifo kwa Waafrika hapa Kenya ulichelewa kuanza na ulienea wilaya baada ya wilaya, ukafika nchi nzima 1971. Kwa aliyekufa kabla ya hapo anzia daftari la mazishi la kanisa lake kama alibatizwa, halafu nenda jumba la nyaraka za taifa pale Moi Avenue, Nairobi, uombe ripoti za DC (mkuu wa wilaya) za kila mwaka za wilaya yake, zinataja njaa na magonjwa yaliyopita mwaka huo.