Ganzi ya vidole na mashine za fundi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ijumaa moja, adhana bado, fundi wa milango ya nakshi kule Ng'ambo, Zanzibar, alimwita mwanawe amfunge vifungo vya kanzu. Vidole vimelala, akasema, na akacheka. Asubuhi yote alikuwa na msasa wa umeme.

"Ni uchovu tu, ukilala inaisha."

Mwanzoni huisha kweli, na hapo ndipo inapodanganya. Mtetemo wa mashine huumiza mishipa ya fahamu na mishipa midogo ya damu ya vidoleni. Miaka ikienda, ganzi inakawia kuondoka, kisha haiondoki kabisa, na mkono unashindwa kuokota msumari. Ikishafika hapo, tiba ya kuirudisha hali ya zamani haipo.

"Huo ugonjwa wa nchi za baridi."

Hapa pana chembe ya kweli. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, Marekani, waliokuwa wakitumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vinapauka kwa baridi. Kwetu, hata kipupwe kikivuma, kupauka huko ni nadra. Lakini ganzi, kuchomwachomwa na kuishiwa nguvu ya kushika havingoji baridi. Anayesubiri vidole viwe vyeupe ndipo aamini, atasubiri hadi patasi imponyoke.

"Glovu nene zinamaliza kazi."

Hazimalizi. Zinakinga mikwaruzo; mtetemo mwingi hupita, hasa ule mzito wa mashine za kugonga.

"Kupima kunataka mtambo wa maabara."

Hii ndiyo inayowafanya wenye karakana wakate tamaa mapema. Mtetemo wenyewe hupimwa kwa kihisio kinachofungwa kwenye mashine, si kwenye kifundo cha mkono kama saa, na kweli hicho si cha kila mtu. Ila kijitabu cha mashine mara nyingi kina namba yake, kwa mita kwa sekunde mraba. Ichukulie kama ya kuanzia tu, maana msasa uliochakaa au ncha butu huipandisha. Kinachobaki ni dakika ambazo mashine inalia mkononi.

Uingereza wana hesabu ya pointi: zidisha namba ya mtetemo kwa yenyewe, kisha kwa 2, unapata pointi za saa moja. Zikifika 100 kwa siku, mwajiri lazima achukue hatua. Zikipita 400, amevunja sheria ya huko. Zanzibar nako kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, lakini hesabu hii hata asiye na mkaguzi anaweza kuifanya kwa penseli.

"Mimi nashika mashine kutwa."

Nilikaa na yule fundi siku moja, saa ya simu mkononi. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6, msasa ulilia dakika 70 tu. Muda mwingine ulikwenda kwenye kubadilisha karatasi, kupangusa vumbi na kubishana na mteja kuhusu njumu za shaba. Namba ya mtetemo ya msasa wake ni 4, yaani pointi 32 kwa saa: asubuhi nzima kama 37.

Alasiri tukaenda Mji Mkongwe kutia fremu. Akaazima drili ya nyundo, ya mtetemo wa 12, akaupasua ukuta kwa dakika 20. Pointi 96! Miaka yote alikuwa akiulaumu msasa.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, haukuhitaji mashine kubwa hivyo. Fremu iliyofuata aliitia kwa nyundo na patasi, akachelewa kama saa moja hivi, na mteja akanung'unika.