Faili ya S3 ikikataa kufunguka, usiiweke baketi hadharani

Faili iliyohifadhiwa katika Amazon S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi faili mtandaoni, inapokataa kufunguka na programu ikajibiwa 403 (yaani huna ruhusa), dawa inayokimbiliwa na wengi ni kuiweka baketi nzima, yaani hifadhi yenye faili hizo, hadharani. Faili hufunguka papo hapo, lakini pamoja na picha ya bidhaa uliyotaka ionekane, huwa umefungua pia nakala za vitambulisho vya wateja zilizomo humo humo.

Mara nyingi kosa ni dogo kuliko hapo. Ruhusa ya kuorodhesha majina ya faili, s3:ListBucket, hutolewa juu ya baketi yenyewe, ilhali ruhusa ya kusoma, s3:GetObject, hutolewa juu ya vilivyomo ndani yake, ndiyo maana katika sera ya mtumiaji (hati inayotaja ruhusa zake) anwani yake huishia na /*. Ukiisahau alama hiyo, mtumiaji ataona orodha yote asiweze kufungua hata faili moja. Linalowachanganya watu zaidi ni kwamba mwenye ruhusa ya kusoma asiye na ya kuorodhesha, akiomba faili isiyokuwepo, hujibiwa 403 badala ya 404 (yaani faili haipo), kwa kuwa S3 haimfichulii kipi kipo na kipi hakipo. Basi kabla ya kugusa ruhusa yoyote, hakikisha kwanza jina la faili limeandikwa sawasawa, herufi kubwa kwa ndogo.

Tangu Aprili 2023 kila baketi mpya huanza ikiwa imezuiwa kuwekwa hadharani, uamuzi ambao naona ulichelewa mno kwa huduma iliyoanza mwaka 2006. Za zamani hazikubadilishwa, kwa hiyo zikaguliwe mapema, hasa zile ambazo ACL yake (orodha ya wanaoruhusiwa kuifikia) inatoa ruhusa kwa kundi la AuthenticatedUsers: hao si wafanyakazi wenu, bali ni kila mwenye akaunti ya AWS, jukwaa la Amazon lenye S3, popote duniani.

Mteja anayetaka kupakua risiti yake mimi humpa kiungo chenye sahihi, ambacho seva hukitengeneza kwa ruhusa zake yenyewe, kwa faili hiyo moja, na kwa muda usiozidi siku 7, ingawa dakika chache hutosha. Yeyote atakayekipata kabla ya muda kwisha ataifungua faili, hivyo kisiandikwe kwenye logi (kumbukumbu za matukio ya programu). Na kikitiwa sahihi kwa utambulisho wa muda (funguo za AWS zenye mwisho wa matumizi), huisha nguvu pamoja nao, hata kama ulikipangia muda mrefu zaidi.