Je, Wajua Kwa Nini Mtoto Yuleyule Hubadilika Darasa Akivuka Mpaka?

Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa tarehe 20 Julai 2020. Wazazi wake wakiishi Ufaransa, sheria inamtaka aingie shule ya awali Septemba 2023, wiki chache tu baada ya kutimiza miaka 3. England itampokea Septemba 2024, na Ireland ya Kaskazini Septemba 2025. Japani itamwandikisha darasa la kwanza Aprili 2027, na Ufini Agosti mwaka huohuo, wakati ambapo mwenzake wa England atakuwa anaingia mwaka wake wa nne shuleni. Mtoto ni mmoja na cheti chake cha kuzaliwa ni kimoja. Inakuwaje basi nchi zitofautiane kwa miaka minne kuhusu siku yake ya kwanza darasani?

Sehemu ya jibu imo katika historia. Mara nyingi umri wa kuanza shule haukuchaguliwa na wataalamu wa ukuaji wa mtoto. Uingereza ilipopitisha sheria yake ya elimu ya msingi mwaka 1870, hoja zilizotawala kuhusu umri wa miaka 5 zilikuwa za kijamii na kiuchumi: mtoto aondolewe mapema katika mazingira mabaya ya mitaani, na amalize mapema ili apatikane kwa kazi. Ufini iliweka miaka 7 katika sheria yake ya mwaka 1921 na imeushikilia umri huo hadi leo, ingawa tangu 2015 mwaka mmoja wa elimu ya awali unaotangulia darasa la kwanza nao ni wa lazima. Norway iliteremsha umri kutoka miaka 7 hadi 6 mwaka 1997, na Ufaransa kutoka 6 hadi 3 mwaka 2019. Mabadiliko ya namna hii hayapiti kimya kila mahali. Korea Kusini ilipopendekeza mwaka 2022 kuteremsha umri kwa mwaka mmoja, wazazi na walimu walipinga kwa nguvu kiasi kwamba waziri wa elimu alijiuzulu ndani ya siku chache.

Hata hivyo, kwa familia inayohama, umri wenyewe ndio unaopotosha zaidi, kwa kuwa kinachoamua darasa la mtoto kwa kawaida ni tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo mtoto anapaswa kuwa ametimiza umri uliotajwa ili aingie pamoja na kundi la mwaka huo. Ireland ya Kaskazini inajulikana kwa kuwalazimisha watoto kuanza shule wakiwa na miaka 4, lakini tarehe yake ya ukomo ni 1 Julai, hivyo mtoto wetu wa tarehe 20 Julai anakosa nafasi kwa siku kumi na tisa na kusubiri mwaka mzima. England, ambayo kwa sheria haimlazimishi mtoto hadi muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5, ina ukomo wa tarehe 31 Agosti na desturi ya kuwapokea watoto Septemba inayofuata baada ya kutimiza miaka 4, na kwa hiyo inamchukua mwaka mmoja kabla ya jirani yake mwenye sheria kali zaidi. Ufaransa inafuata mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba. Marekani haina hata tarehe moja ya taifa, kwa sababu jambo hilo huamuliwa na majimbo, na kwingineko na wilaya za shule.

Australia nayo inaonyesha jambo hili kwa namna ya kuchekesha kidogo. Miji ya Albury na Wodonga inatenganishwa na Mto Murray tu. Wa kwanza uko New South Wales, ambako mtoto anaruhusiwa kuanza shule mwanzoni mwa mwaka ikiwa atatimiza miaka 5 ifikapo 31 Julai, na wa pili uko Victoria, ambako ukomo ni 30 Aprili. Mtoto wetu angeweza kuanza mwaka 2025 upande mmoja wa mto, lakini upande wa pili angengoja hadi 2026.

Japani imeipeleka hesabu hii mbali zaidi. Mwaka wa masomo huanza tarehe 1 Aprili, na mtu angedhani kwamba aliyezaliwa siku hiyo angekuwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Mambo ni kinyume kabisa, kwa maana sheria ya kuhesabu umri ya mwaka 1902 humhesabu mtu kuwa ametimiza mwaka pale siku inayotangulia siku yake ya kuzaliwa inapokwisha. Mtoto wa tarehe 1 Aprili hutimiza miaka 6 kisheria tarehe 31 Machi, anaingia shule kesho yake, na anakuwa mdogo kuliko wote. Yule aliyezaliwa tarehe 2 Aprili husubiri mwaka mwingine na kuwa mkubwa kuliko wote.

Kuwa mdogo darasani si jambo la kupuuza. Tafiti kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo Kanada na Taiwan, zimeonyesha kwamba watoto wadogo zaidi katika darasa lao hutambuliwa kuwa na tatizo la kukosa utulivu na umakini mara nyingi zaidi kuliko wenzao wakubwa, jambo linaloashiria kwamba wakati mwingine utoto wa kawaida huchukuliwa kuwa maradhi. Ndiyo maana baadhi ya mifumo imeacha mlango wazi: England inawaruhusu wazazi wa watoto waliozaliwa kati ya 1 Aprili na 31 Agosti kuomba waanze mwaka mmoja baadaye, na Uskoti nayo ina utaratibu wa kumchelewesha mtoto ambaye hajatimiza miaka 5 shule zinapofunguliwa.

Linabaki suala la kile kinachofanyika ndani ya darasa, na hapa ndipo wazazi wengi huumia bila sababu. Mtoto aliyejifunza kusoma England akiwa na miaka 5, akihamia Ufini mwaka unaofuata, huwekwa katika elimu ya awali, ambako mchezo, nyimbo na kazi za mikono huchukua nafasi kubwa, na wazazi huona kana kwamba amerudishwa nyuma. Anayefuata njia ya kinyume huketi katikati ya watoto wanaosoma vitabu wakati yeye hajawahi kufundishwa herufi rasmi. Kwa maoni yangu, yule wa kwanza hajapoteza kitu kikubwa, na wa pili hana upungufu wa akili. Wamepishana tu na ratiba. Kifini, kama Kiswahili, huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, hivyo mtoto wa miaka 7 hukishika kwa haraka, ilhali tahajia ya Kiingereza ni ya vurugu kiasi kwamba utafiti uliolinganisha lugha kadhaa za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2003, uliwakuta wanaojifunza kusoma Kiingereza wakienda polepole kuliko wengine wote. Kuanza mapema katika lugha hiyo kuna mantiki yake, lakini mantiki hiyo haihamishiki kwenda lugha nyingine.

Kwa hiyo, anayejiandaa kuhama asiulize tu kwamba watoto huanza shule wakiwa na umri gani. Aulize tarehe ya ukomo ni ipi, mwaka wa masomo huanza mwezi gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kumweka mtoto nje ya rika lake iwapo kuna haja. Aulize pia sheria inaanza kumbana lini, kwa maana Ufaransa mzazi wa mtoto wa miaka 3 anayetaka kumfundisha nyumbani anahitaji idhini tangu 2022. Anayetoka Australia kwenda Ulaya katikati ya mwaka ajue mapema kwamba mtoto ataingia ama katika darasa lililokwisha kumpita nusu mwaka, ama katika lile ambalo nusu yake ameshaimaliza, na ni vyema achague kati ya hayo mawili kabla ya kununua tiketi.