Kudunda kwa mbele baada ya kufunga tairi mpya: maana yake na pa kuanzia kuangalia

Pikipiki ikisemwa inadunda mbele, maana yake gurudumu la mbele linapanda na kushuka kwa mpigo unaojirudia hata pale barabara ilipo laini, na mpigo huo unaufikia usukani. Usichanganye na usukani kutikisika kushoto na kulia. Huo ni ugonjwa mwingine, na mara nyingi unatokana na beringi za usukani kulegea au rimu kupinda ubavuni.

Kwenye njia za vumbi za Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, ni vigumu kuugundua, maana makorongo yanaumeza mdundo wote. Ukishika lami ya kwenda Singida au Iringa ndipo unajitokeza, na hapo kijiweni utaambiwa shokapu zimekufa, nunua mpya. Pikipiki ikiwa ya zamani, ushauri huo unaingia akilini haraka. Mimi siukubali uwe wa kwanza. Kama jana ilikuwa haidundi na leo kilichoguswa ni tairi, basi anzia kwenye tairi.

Kwanza sikiliza mpigo. Gurudumu la mbele lenye tairi ya 2.75-17 lina mzingo wa karibu mita 1.8, kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa linazunguka mara tatu hivi kwa sekunde, na kwenye 60 linazunguka mara tisa. Mdundo unaohesabika hata ukitembea polepole, kisha unaongezeka kasi kadiri unavyokimbia, unaonyesha duara halijakaa sawa. Ule usiokuwepo kabisa mwendo mdogo, ukaja kuanzia 60 au 70, mara nyingi ni uzito kutolingana. Gramu 30 tu zilizozidi upande mmoja wa rimu ya inchi 17 zinavuta kwa nguvu ya takriban kilo 2 ukiwa kwenye 60. Ukifika 90 zinakaribia kilo 5.

Duara kutokaa sawa ndicho kisa cha kawaida zaidi baada ya tairi kufungwa kwa mkono. Tazama ubavuni mwa tairi, karibu na rimu: kuna mstari mwembamba uliozunguka tairi nzima. Mstari huo unatakiwa uwe umbali uleule kutoka kwenye rimu kila mahali, pande zote mbili. Ukiona sehemu moja umezama, ukingo wa tairi haujapanda kwenye kikalio chake, na sehemu ya tairi iliyo juu yake inakuwa bonde. Toa upepo, sukuma ukingo uachie rimu, paka maji ya sabuni, kisha jaza hadi ukingo uruke mahali pake. Usipite kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi, kwa sababu ukingo ukipasuka unaweza kumvunja mtu mkono. Baadaye rudisha upepo kwenye kipimo cha pikipiki. Nyingi za bodaboda zinataka karibu psi 25 mbele, na ukizidisha sana, gurudumu linarukaruka juu ya kila kokoto.

Mstari ukiwa sawa na mdundo bado upo, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la mbele liwe hewani. Funga kipande cha waya kwenye mguu wa shokapu, ncha yake ikaribie rimu bila kuigusa, halafu zungusha taratibu. Rimu ikipanda na kushuka zaidi ya milimita 2, kazi ni ya fundi wa spoki. Rimu ikitulia lakini tairi inapanda, kosa liko kwenye tairi yenyewe. Tairi iliyokaa dukani miaka mingi, imekandamizwa chini ya nyingine, inaweza kupoteza umbo. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kwa uzito, ling'oe gurudumu, toa sahani ya breki, pitisha ekseli na uilaze juu ya vitu viwili vilivyo sawa kimo. Liache lizunguke lenyewe. Sehemu inayorudi chini kila mara ndiyo nzito, hivyo waya wa risasi unazungushwa kwenye spoki ya upande wa juu mpaka gurudumu litulie popote unapoliacha.

Shokapu zinafuata hapo. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa nguvu, uachie. Ukipanda mara moja na kutulia, oili bado inafanya kazi. Ukiendelea kunesa, oili imechoka au imevuja. Pitisha kidole kwenye sili, ule mpira unaozuia oili kuvuja, uone kama kinatoka na tope la mafuta na vumbi. Tairi mpya, hasa ile nene ya kubebea mizigo, ni nzito kuliko iliyolika, kwa hiyo shokapu dhaifu iliyokuwa inajikongoja na tairi ya zamani inashindwa kuituliza hii. Badilisha oili na sili za miguu yote miwili kwa pamoja, kipimo kilekile kila upande, kabla ya kufikiria shokapu mpya.