Cheti Hakitii Kitabu Sahihi

Kila mtu akiniletea kitabu kinachosemekana kimetiwa sahihi na mwandishi, nikitilia shaka sahihi hiyo, swali ni lilelile: "Lakini si kina cheti?" Cheti cha nani? Duka lolote la chapa pale Oginga Odinga Street, Kisumu, litakupigia cheti chenye ua la dhahabu kabla chai yako haijapoa. Karatasi hiyo ina maana ikiwa tu aliyeitoa anajulikana, anapatikana, na atakurudishia pesa zako kitabu kikionekana bandia. Vinginevyo ni pambo.

Anza na tarehe. Terry Pratchett, mwandishi Mwingereza wa riwaya za njozi na vichekesho, alifariki Machi 2015. Riwaya yake ya mwisho, The Shepherd's Crown, ilitoka Agosti mwaka huohuo. Sasa ukiletewa nakala yake "iliyotiwa sahihi na mwandishi", uliza ilitiwa lini. Hata kwa riwaya zake za zamani, fungua ukurasa wa hakimiliki uone nakala hiyo ilichapwa mwaka gani.

Kisha lenzi ya kukuza mara 10, na taa ya pembeni. Sahihi iliyochapwa mara nyingi huonyesha vidoti vilivyopangana. Ya mkono ni wino ulioingia kwenye nyuzi za karatasi, mzito hapa, hafifu pale. Biro huacha mfereji unaoupapasa nyuma ya ukurasa. Makapeni haiachi, kwa hiyo kukosa mfereji si ushahidi wa lolote.

Mashine ya kutia sahihi ndiyo shida. Hushika kalamu halisi, kwa wino halisi. Dalili zake ni mkandamizo ule ule mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi kidoti pale kalamu inapotua na inapoinuka. Ukiweka sahihi mbili juu ya taa zikafunikana kabisa, hiyo ni mashine, kwa sababu mkono haujirudii hivyo. Lakini ukiwa na nakala moja tu? Hapo hata sisi wa kazi hii tunabahatisha, na anayekuambia vingine anauza kitu.

Linaloniudhi zaidi ni hili: watu wanakataa nakala halali eti "ukurasa umegundishwa." Ndiyo, umegundishwa! Mchapishaji humpelekea mwandishi karatasi tupu, anazitia sahihi nyumbani kwake, zinarudi kiwandani na kubandikwa kwa ukanda mwembamba wa gundi karibu na mshono. Karatasi huweza kuwa na weupe tofauti na kurasa jirani. Mkono ni wake. Stika iliyotiwa sahihi nayo ni ya mkono, ila inaweza kubanduliwa na kuhamishiwa kitabu kingine, ndiyo maana bei yake iko chini. Mtu anaacha nakala hizi halafu ananunua picha ya sahihi, kisa cheti. Jameni.

Nakala yenye sahihi usiisomee kwenye matatu ya Nakuru, mgongo utavunjika. Sikiliza kitabu cha sauti. (Anayesema kusikiliza si kusoma, aulizwe mwisho wa hadithi.) Riwaya ya maneno 100,000 huchukua karibu saa 11, kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, ni takriban megabaiti 29 kwa saa. Pakua yote kwa waifai kabla ya safari. Hakikisha ni kamili: za Pratchett alizosoma Tony Robinson zimefupishwa, za Nigel Planer na Stephen Briggs ni nzima. Rekodi mpya zilizoanza kutoka 2022 zina mwigizaji Bill Nighy anayesoma tanbihi peke yake, jambo zuri, kwani nusu ya utani wa Pratchett uko humo.

Kuhifadhi: Kisumu ina unyevu, na ukungu haujali bei. Kitabu kisimame wima, rafu isiguse ukuta wa nje, hewa ipite. Usikifunge kwenye nailoni. Unafungia unyevu ndani. Vifuko vya silika, vile vya kufyonza unyevu, vikishashiba maji havisaidii, vikaushe au vibadilishe. Na dirishani usikiweke: jua hufifisha wino wa makapeni.